Chokaa ya Siku Saba

Mtu akikuambia Mama Kufuli alizaliwa na wasiwasi, mkatalie. Wasiwasi alirithishwa na baba yake mzazi, pamoja na mwiko, makarai mawili na shimo la chokaa lililo nyuma ya nyumba yake mpaka leo.

Jina la Kufuli alipewa na mtaa. Lake halisi liko kwenye kitambulisho, kitambulisho kimo sandukuni, na sanduku lina kufuli. Langoni kufuli, stoo kufuli, banda la kuku kufuli, pipa la maji kufuli, na chooni, jamani, nako kufuli! Siku moja mdogo wake alimuuliza, "Dada, choo nacho nani atakiiba?" Akajibu bila hata kutabasamu, "Hawaibi choo. Wanaiba zamu." Funguo zote amezifunga kwenye kamba moja kiunoni, kwa hiyo unamsikia kabla hujamwona.

Mji wenyewe ni mtaa mmoja tu. Njia ya mlimani inateremka kutoka juu, inageuka kuwa mtaa, inapita katikati ya nyumba za mawe za zamani, halafu inakuwa njia tena na kushika bonde. Enzi hizo wenye mizigo na punda wao walilala hapa, ndiyo maana nyumba zina baraza pana na milango ya kupitisha mnyama na mzigo wake. Kisha ikajengwa barabara ya lami upande wa pili wa kilima, na riziki ikaifuata. Duka hili likafungwa, lile likafungwa, vijana wakaenda zao. Waliobaki na visenti wakazipiga nyumba zao lipu ya simenti wakidhani wanazitengeneza. Kumbe simenti inauziba pumzi ukuta wa mawe, maji yaliyo ndani hayapati pa kutokea, na jiwe linaoza kimya kimya. Mama Kufuli aliwaambia. Wakamcheka, "Wewe si unatafuta kazi tu!" Akanyamaza. Nyumba zikaanza kuvimba matumbo, moja baada ya nyingine.

Ndipo wakaanza kuja watu wa mabegi. Watu wana magari kwao, wanayaacha, wanatembea mlimani kwa miguu siku sita, na wanalipia! Waliingia mtaani hoi, wakauliza pa kulala, wakaoneshwa vyumba vyenye nyufa za kuingia mkono, wakasema asante na kwenda kupiga mahema ng'ambo ya mto. Mji mzima ulikaa barazani ukiitazama riziki inapita na viatu vyake vya matope.

Mwalimu mstaafu, anayekaa jirani na kisima, ndiye aliyesema sasa basi. Akaunda Kamati ya Mtaa wa Kale. Ilikuwa imechelewa kidogo, maana halmashauri ilishapaka msalaba mwekundu kwenye nyumba saba: hatari, zibomolewe. Kamati ikaenda, ikarudi, ikaenda tena, mpaka ikapewa nafasi moja. Itengenezwe nyumba moja kwanza, ile mbovu kuliko zote, kwa ufundi ule ule wa zamani. Mkaguzi atakuja mvua zikishaanza. Akiridhika, misalaba yote saba itafutwa. Asiporidhika, ni tingatinga tu.

Mwalimu akaleta msanifu wa majengo kutoka mbali, mwanamke kijana asiyetoka nyumbani bila futi ya kupimia mfukoni. Mtaa ukambatiza Bi Futi kabla hajamaliza kushusha mizigo. Siku ya tatu alibisha hodi kwa Mama Kufuli.

"Hodi wenyewe!"

"Unamtaka nani?"

"Nakutaka wewe, Mama. Nimeambiwa wewe ndiye fundi chokaa wa mwisho hapa."

"Umeambiwa na nani?"

"Na kila mtu."

"Kila mtu ana jina," alisema Mama Kufuli, na lango hakulifungua. Walizungumza kupitia tundu la bati, jicho kwa jicho. Bi Futi alikuwa na daftari jeusi, na kalamu haikutulia.

"Unaandika nini humo?"

"Unachosema."

"Na nisiposema?"

"Naandika kwamba hukusema."

Hilo jibu lilimkaa Mama Kufuli moyoni kama mfupa wa samaki kooni. Msichana wa watu anapima madirisha, anapiga picha milango, anaingia nyumba za watu akigonga kuta kama daktari. Anataka nini? Nani anamtuma? Hakuna mtu anayependa nyumba mbovu ya mwenzake hivi hivi.

Na usimwone mwehu. Alikuwa na sababu. Alipokuwa binti wa miaka kumi na minne, alikuja mkandarasi mmoja mwenye maneno matamu, akamwomba baba yake amfundishe chokaa. Baba akamfundisha yote, bila kinyongo, akala naye sahani moja. Mwaka haukupita, mkandarasi yule akarudi na kibao chenye jina lake, akapewa kazi ya kujenga mahakama upande wa pili wa bonde. Mzee akaajiriwa hapo hapo. Kama nini? Kama mbeba maji wa mwanafunzi wake! Alipewa ndoo. Jioni ile alirudi nyumbani, akamwita binti yake mkubwa, akamwambia, "Nitakufundisha kazi hii. Lakini sikiliza. Usimpe mtu mkono wote. Siku zote jibakishie kidole." Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mzee alihakikisha unyasi huo unakua uani kwa binti yake.

Kamati ilitaka awafundishe watu sita wa mtaa, ili hata yeye asipokuwepo, nyumba zisikose mtu wa kuzitunza. "Asipokuwepo", ndivyo Mwalimu alivyosema, na Mama Kufuli akalishika neno hilo akaligeuza juu chini. Asipokuwepo kwenda wapi? Akataka kukataa. Lakini kati ya wale sita alikuwemo mdogo wake wa pekee, Kitinda, mjane, anayeishi katika nyumba ya kwanza unayokutana nayo ukiteremka mlimani, nayo ni mojawapo ya zile saba zenye msalaba. Kitinda alikuja mwenyewe kumbembeleza.

"Dada, nikubalie. Nimechoka kukaa. Nikijua kazi hii, nitapokea wageni wa mabegi vyumba viwili vya mbele, na lipu nitapiga mwenyewe. Nitakuwa mtu."

"Wewe si mtu sasa?"

"Mtu gani asiye na kazi, Dada?"

Akakubali. Na kusema kweli, alikubali pia kwa sababu aliogopa kwamba akikataa watamtafuta mwingine. Lakini usiku kucha alijiuliza ni kidole gani atakibakisha.

Mafunzo yalianza kwenye kiwanja kando ya nyumba ya Kitinda. Hodhi la mbao lilijengwa, mawe ya chokaa iliyochomwa yakaletwa kwa lori, na watu sita wakasimama na mabeleshi. Mama Kufuli alifundisha vizuri, wacha tumpe haki yake. Aliwaonesha namna ya kumwaga maji polepole na kurudi nyuma, maana chokaa hai ikikutana na maji inatokota na kukurukia machoni. Aliwaonesha namna ya kuchekecha mpaka iwe uji usio na kokoto. Kinyozi wa mtaa, aliyejiunga kwa sababu vichwa vimepungua, alichekecha huku akitoa habari za mji mzima bila kulipwa.

"Sasa inalala majini," Mama Kufuli akasema.

"Siku ngapi?" Bi Futi aliuliza, kalamu tayari.

Hapo ndipo kidole kilipobaki. "Saba," alisema. "Siku saba zinatosha."

Kalamu ilisimama kidogo. "Saba?"

"Wewe fundi au mimi?"

"Wewe, Mama." Akaandika.

Kitinda alinyanyua kichwa kutoka kwenye chekeche. "Saba tu, Dada? Mbona shimo la Baba halikuwahi kukauka mwaka mzima?"

"Lile lilikuwa la akiba," alimjibu, macho yakiwa kwenye beleshi.

Ukweli ni miezi mitatu. Ikilala siku saba, zinabaki punje ndogo zisizoiva, macho hayazioni. Unaipiga ukutani, inang'aa, watu wanapiga makofi. Wiki nne, tano baadaye, unyevu wa hewa unazifikia punje zile, zinavimba, na ukuta unatoka vipele kama mtoto mwenye tetekuwanga. Vipele vinapasuka, lipu inamwagika chini. Mama Kufuli alikuwa amepanga hesabu zake. Kila mtu alijua nyumba mbovu kuliko zote ni ghala la zamani karibu na kisima, halina mtu ndani. Litatoka vipele, kamati itachanganyikiwa kabla ya mvua, na Mwalimu atakuja langoni kwake na kofia mkononi. Hapo atafungua shimo lake na kuwaokoa, na wote watajua fundi ni nani. Hakuona ubaya. Alijiona mwerevu kuliko baba yake.

Siku ya tano Mwalimu aliwakusanya kwenye kiwanja. "Bi Futi amepima nyumba zote saba," alisema. "Ghala ni baya, lakini si la mwisho. Mbovu kuliko zote ni hii hapa." Akaigeukia nyumba ya Kitinda. "Ukuta wa nyuma umetoka nje shubiri nzima. Tutaanza na hii. Jumatatu tunapiga lipu."

Watu wakashangilia. Kitinda alijifunika uso na mikono yake yenye chokaa, akabaki mweupe kama mzuka, akilia na kucheka. Mama Kufuli alisimama pale pale.

Jambo la kwanza lililomjia halikuwa majuto, nisikudanganye. Lilikuwa: wamenitega. Kwa nini nyumba ya mdogo wangu, kati ya saba? Alianza kukumbuka mambo. Mara mbili alimwona Bi Futi akitoka kwa Kitinda na kikombe cha chai mkononi. Walikuwa wakinong'ona nini? Kitinda alimwambia nini kuhusu shimo la Baba? Na lile swali la "saba tu, Dada" mbele za watu, lilikuwa la bahati au la kufundishwa? Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea, na aliona haya kidogo kwa kulisema, lakini alilisema.

Kesho yake alikwenda kwa Kitinda. Alikwenda kumwambia, aliapa njia nzima kwamba anakwenda kumwambia. Alimkuta akiosha chekeche, amebadilisha pazia, na vyumba viwili vya mbele vimefagiliwa hadi kwenye pembe. Kitinda akamvutia kiti cha dirishani.

"Shikamoo, Dada. Kaa. Unajua nimewaza nini? Wageni wakija, nitawaambia ukuta huu nimeupiga mimi, na dada yangu ndiye aliyenifundisha."

"Huyo msanifu anakuja kwako kufanya nini?"

"Bi Futi? Anakunywa chai. Ananiuliza habari za zamani."

"Zipi?"

"Za Baba. Za punda. Dada, una nini?"

"Sina kitu."

Alikunywa chai yake. Akisema "miezi mitatu", Kitinda atauliza, "Kwa nini ulisema saba?" Na jibu la swali hilo hakulipata, si kwenye kiti kile wala njiani akirudi. Alimaliza chai, akaaga, akaondoka na siri yake yote.

Ndipo akili yake ikampa njia ya kufuli, kama kawaida. Atatengeneza mambo bila kusema. Shimoni mwake kuna chokaa iliyolala miaka, nyingine iliwekwa na mikono ya baba yake, laini kama siagi. Ataimwaga ile mbichi, atie yake ndani ya hodhi, Jumatatu watu wapige lipu nzuri, na hakuna atakayejua kilichopita. Hodhi halikuwa kubwa. Toroli kumi na tano, labda ishirini. Jumapili saa saba mchana, mtaa wote unapokuwa mezani, alifungua shimo, akajaza toroli, akafunika na gunia, akasukuma. Ana miaka sitini na mitatu na goti moja halimsikii. Toroli la kwanza, la pili, la tatu. Kisha akachukua beleshi na kuanza kuitoa ile mbichi hodhini, akiitupa mtaroni. Mtaro ukawa mweupe kama umemwagikiwa maziwa.

Alikuwa amefika nusu aliposikia sauti nyuma yake.

"Ala! Mama Kufuli! Unafanya nini?"

Kinyozi. Kati ya viumbe wote aliowaumba Mungu, Kinyozi! Hakungoja jibu. Alipiga kelele mpaka mbwa wakaamka. "Njooni muone! Mama Kufuli anamwaga chokaa yetu! Anaiharibu nyumba ya mdogo wake!"

Watu wakatoka na vinywa vyao vikitafuna. Mwalimu alikuja na kitambaa cha kufutia mikono begani. Bi Futi alikuja mbio bila daftari. Waliutazama mtaro, wakalitazama hodhi, wakamtazama mwanamke mzima aliyeloa chokaa hadi kwenye viwiko.

"Mama," Mwalimu alisema taratibu, "tueleze."

Angesema nini? Akisema anaharibu, ni adui. Akisema anatengeneza, itabidi aseme nini kilikuwa kimeharibika, na nani alikiharibu.

"Nilijua mimi!" Kinyozi alidakia. "Tangu mwanzo hakutaka mtu ajue kazi hii. Ona sasa. Njia ya mwongo fupi."

"Wewe nyamaza, hujui kushika hata mwiko!" Mama Kufuli alifoka, lakini sauti ilikatika katikati.

Kitinda akapenya kati ya watu. Alikuwa na maji mikononi, ametoka kuosha vyombo. Aliuangalia mtaro.

"Dada, unaivunja nyumba yangu?"

"Siivunji."

"Sasa unafanya nini?"

"Hii yenu haijaiva. Nimekuletea ya Baba."

"Haijaiva vipi? Ulisema siku saba."

"Nilisema."

"Na ni ngapi?"

Kwenye mtaa mzima hakuna aliyetafuna tena. "Miezi mitatu," Mama Kufuli alisema.

Kinyozi alipiga mluzi. Mwalimu alivua miwani, akaivaa tena. Na Bi Futi? Bi Futi hakushtuka. Mama Kufuli, ambaye maisha yake yote amesoma nyuso za watu akitafuta hila, aliona hilo kabla ya mtu mwingine.

"Ulijua," alimwambia.

"Nilijua, Mama."

"Nani alikuambia?"

"Imo vitabuni. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaijua. Nina mapipa manane ya chokaa nyuma ya ofisi ya kamati, niliyoiloweka miezi mitatu kabla sijahamia hapa, nikaja nayo. Kesho asubuhi ningeyaleta."

Imo vitabuni! Kidole alichokificha miaka arobaini na tisa, alichokilinda kwa kufuli na kwa uongo, kiko kwenye kitabu, mtoto yeyote anakisoma akila karanga. Mama Kufuli akashika ukingo wa hodhi.

"Sasa ulinifuata ya nini?"

"Kitabu hakinifundishi kujua ukuta umeshiba maji au bado. Hakinifundishi mkono. Hilo unalo wewe peke yako. Na uliposema saba, nikataka nijue kama mkono wenyewe unaaminika. Nikangoja useme."

"Ukanitega."

"Nikangoja," Bi Futi alisema tena, lakini safari hii uso ulimwiva.

Basi pale walikuwa wamesimama wawili, kila mmoja alikuwa akimvizia mwenzake, na wangeendelea kubishana hadi magharibi kama Kitinda hangesema.

"Ngojeni kwanza." Aliifuta mikono yake kwenye nguo, upande huu na upande huu. "Dada alijua. Na wewe mgeni ulijua, ukanywa chai yangu ukijua. Kwa hiyo kwenye kiwanja hiki, mjinga alikuwa nani? Ni mimi. Siku tano nimechekecha, mikono imebabuka, nikalala nikiota ukuta wangu."

"Kitinda, nilikuja jana nikuambie."

"Ulikuja. Ukakaa, ukanywa, ukaniuliza Bi Futi anakuja kufanya nini kwangu." Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililotisha. "Baba alipokuwa anakufundisha, mimi nilitumwa maji kisimani. Kila siku. Nikirudi, mmemaliza. Nilidhani ni kwa sababu nilikuwa mdogo, nikasema haidhuru, nitakua. Nina miaka hamsini na sita, Dada. Bado natumwa maji."

Mama Kufuli alitaka kusema habari ya mkandarasi, ya kibao, ya ndoo aliyopewa mzee. Lakini mkandarasi alikuwa mtu baki. Aliyesimama mbele yake alikuwa mtoto aliyembeba mgongoni. Akashika toroli lake, akalisukuma kurudi nyumbani.

Usiku ule mtaa ulibishana kama atakuja Jumatatu au hatakuja. Kinyozi alisema hatakuja, na kama kawaida alikosea. Alfajiri lango lake lilikuwa wazi na toroli liko nje, limejaa chokaa ya Baba. Alikuwa wa kwanza kufika kiwanjani. Hakuomba radhi kwa maneno, hakuwa mtu wa hivyo, ila alifundisha kama mtu anayehama nyumba na kutoa vitu vyote nje. Aliwaeleza miezi mitatu, na kwa nini. Aliwaeleza namna ya kuumwagia ukuta maji mara tatu, na kuuwekea kiganja, na kusubiri: ukiona ubaridi unakufuata mkononi, bado una kiu, ukiona umetulia, umeshiba. Aliwafundisha kufunika lipu na magunia yaliyolowa, na kuyalowesha tena kila baada ya saa chache, siku kumi mfululizo, maana chokaa ikikauka haraka haishiki. Waliyouliza aliwajibu, na wasiyouliza aliwaambia. Bi Futi aliandika mpaka daftari likaisha. Mwisho akaliweka chini, akachukua mwiko.

Na aliyeshika kazi kuliko wote alikuwa Kitinda. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wa dada yake hata enzi za ujana. Siku ya pili alisimama mbele ya ukuta wa nyuma, kiganja kimetulia juu ya jiwe, akauliza bila kugeuka:

"Fundi, huu umeshiba?"

Mama Kufuli alidhani anamwita mtu mwingine. Kisha akajua. Alikuja, akaweka kiganja chake kando ya kile cha mdogo wake. "Bado. Mwagia tena."

"Sawa, Fundi."

Alijipa moyo kwamba ni mbele za watu, kiwanjani, heshima ya kazi. Kinyozi naye si alimwita Fundi? Lakini alimsikia vilevile Kinyozi alipomwambia Kitinda, "Dada yako anakuita," na Kitinda akajibu, "Fundi ananiita? Nakuja." Alikuja kweli, akafanya alichoambiwa, akakifanya vizuri, akarudi kwenye nafasi yake. Hakununa wala hakumjibu vibaya hata siku moja. Mama Kufuli angependa atukanwe, angejua pa kushika.

Mvua zilianza, mkaguzi akaja. Alizunguka nyumba mara mbili, akaupiga ukuta wa nyuma kwa ngumi, akakwaruza kwa kucha, akatafuta kipele hata kimoja. Hakukiona. Akaomba karatasi, akatia saini, na Mwalimu akasahau uzee wake akaruka. Misalaba saba ilifutwa siku ile ile, mmoja baada ya mwingine, na watoto wakifuata nyuma kama kuna harusi. Wiki mbili baadaye jozi mbili za viatu vya matope zilikuwa zimewekwa kwenye baraza la Kitinda, vya wageni wake wa kwanza, na yeye alikuwa amekwishaanza kupiga lipu ghala la kisimani na wanafunzi wawili chini yake.

Mama Kufuli aliingoja siku ambayo hakuna mtu. Alipita asubuhi na mapema, wageni wamekwishaondoka, Kinyozi hajafungua. Barazani alikuwepo Kitinda peke yake, anafagia. Mama Kufuli alipunguza mwendo. Alijiona mpumbavu, lakini alisimama.

Kitinda akainua uso, akauegemeza ufagio ukutani, akainama kidogo kwa adabu kama alivyofunzwa na mama yao.

"Shikamoo, Fundi."

Iliuma. Iliuma kuliko mtaro na kuliko kitabu. "Marahaba," alijibu, kisha akauliza kama ukuta wa nyuma umestahimili mvua ya jana.

"Nimeukagua," Kitinda alisema. "Mkavu." Akachukua ufagio wake, akaendelea kufagia.